Gari la Ulaya lilipovuja, majivu ya Kayanga yakasema

Ainembabazi amejifungia ndani ya buti. Ni asubuhi, nyuma ya stendi ya Kayanga, na mama huyu wa miaka arobaini na mitatu amejikunja ndani ya gari la umeme, tochi mdomoni, kopo la majivu mapajani. Mlango umeshushwa juu yake. Nje, dereva Twizeyimana ameshika mpira wa maji, anasubiri kuambiwa.

"Mwaga," inasikika sauti kutoka ndani. "Anza juu, shuka mpora mpora."

Mpora mpora, kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe, ni polepole, lakini Twizeyimana hana upole leo. Anamwaga maji kwa pupa, na ana sababu. Asubuhi hii ndiyo itakayoamua kama ataendelea kuwa dereva. Fundi Ainembabazi akionyesha maji yanapoingilia, Twizeyimana anarudi kwenye usukani. Asipoonyesha, jioni hii anakabidhi funguo na kwenda zake.

Anayezisubiri funguo hizo amekaa juu ya tairi kuukuu, miguu ameikunja vizuri asirushiwe matope. Ni Mzee Egbert, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa, ambacho ndicho chenye gari. Si mtu mkali, na wala hafurahii shughuli hii.

"Sina ugomvi na huyu kijana," anasema kwa sauti ya chini. "Ila kahawa imelowa mara mbili. Wakulima wananiuliza, na mimi nitawajibu nini? Kwamba imejilowesha yenyewe?"

Ili msomaji aelewe tulifikaje hapa, turudi nyuma kidogo.

Mwaka jana chama kilipata magari mawili ya umeme ya kubebea sampuli za kahawa kutoka vijijini. Yalikuja pamoja, yote meupe, muundo mmoja, jina moja mbele. Hata wenyewe waliyatofautisha kwa namba tu. Kisha mtu mmoja akafungua mlango, akainama, akasoma kibati kidogo kilichobandikwa kwenye fremu. Moja liliundwa China. La pili liliundwa Ulaya.

Basi, undugu wa magari yale ukaishia hapo. La China likaitwa Mchina, la Ulaya likaitwa Mzungu, na kila aliyeyaona akajua papo hapo lipi zima na lipi bovu, kabla hata hayajatembea kilomita moja. Tusijifanye wageni. Kitasa kikivunjika tunasema cha Mchina. Redio ikikoroma, ya Mchina. Neno hilo limekuwa hukumu, na gari la watu likahukumiwa nalo.

Mchina alipewa Lameck, dereva wa siku nyingi kutoka Kyerwa. Mzungu alipewa Twizeyimana, ambaye ni kijana wa miaka ishirini na tisa na ndiye aliyekuwa amefaulu vizuri zaidi kwenye majaribio ya kuendesha. Watu walimpongeza kama bwana harusi.

Sampuli za Nkwenda zilipofika ofisini zikiwa zimelowa, hakuna aliyeuliza zilikuja na gari gani. Zilikuwa zimepakiwa kwenye magari yote mawili na kuchanganywa stoo. Lakini lawama ilijua njia. Lameck akaondolewa kwenye kahawa, akapewa kazi ya kubeba makaratasi na wageni.

"Sikubisha," anasema Lameck, ambaye naye amekuja gereji asubuhi hii na Mchina wake. "Ningebisha vipi, na mimi mwenyewe niliamini? Nilikuwa naliosha gari huku nalionea aibu."

Kahawa ikalowa tena. Safari hii ilikuwa imebebwa na Mzungu peke yake, ikitoka Rugu wakati wa mvua kubwa. Hapo ndipo ungedhani watu wangeligeukia gari. Wapi. Walimgeukia dereva. Gari la Ulaya haliwezi kuvuja, wakasema, kwa hiyo Twizeyimana aliacha buti wazi akakaa kupiga soga na jamaa zake. Mwingine akaongeza kwamba watu wa huko ndivyo walivyo.

Huko wapi? Wazazi wa Twizeyimana walitoka Rwanda. Yeye alizaliwa Kiruruma, akasoma Kiruruma, na shamba lake la migomba liko Kiruruma.

"Gari likiharibika wanauliza limetoka wapi," anasema, akiangalia maji yanavyoteremka kwenye kioo. "Mimi nikikosea, nami wananiuliza natoka wapi. Natoka hapo Kiruruma. Ukitaka nakupeleka, ukamsalimie mama."

Buti alilifunga. Aliapa mbele ya kamati, na kamati haikumwamini. Alipotoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Ainembabazi.

Kwa nini kwake, na si kwa mafundi wa umeme wanaojua hizi betri mpya? Kwa sababu Ainembabazi ni fundi bodi. Injini haimhusu, betri haimhusu. Kazi yake ni mabati, milango, raba na rangi, yaani kila kitu kinachozuia mvua na vumbi visiingie mahali alipokaa mtu. Na pia kwa sababu ya baba yake.

Marehemu Mzee Projest, baba yake, alikuwa mchongaji wa obwato kijijini Rugu. Obwato ni ule mtumbwi mrefu wa mti ambao ndizi mbivu hukamuliwa ndani yake kwa nyasi ili kupata pombe. Mtumbwi ukiwa na ufa, jasho la watu wote linaishia ardhini. Kwa hiyo hakuna aliyenunua obwato bila kuona umepimwa, na Projest alipima kwa majivu.

"Tata alikuwa anapaka majivu makavu upande wa nje, kote," anasimulia Ainembabazi. "Kisha anajaza maji ndani. Anakaa. Penye ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, majivu yanageuka meusi. Huwezi kubishana na majivu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyachekecha yawe laini."

Mapipa ya plastiki yalipoingia, wateja wa obwato wakapungua, na binti akaenda Bukoba kujifunza kunyoosha bodi. Alianza kwa kufagia gereji. Aliporudi Kayanga kufungua banda lake, wenye magari walikuwa wanafika, wanamwona ameshika nyundo, wanamuuliza fundi yuko wapi.

"Nilikuwa nawajibu, mnaongea naye," anasema, akicheka. "Wengine waligeuza gari. Wengi wao wamerudi. Kuna mmoja alirudi mlango mmoja umebondwa na nguzo ya umeme. Nilimpokea vizuri tu, sikumkumbusha."

Leo amegeuza kazi ya baba yake nje ndani. Majivu ameyapaka ndani ya buti, kufuata raba yote ya mlango na kila kiungo cha bati, na maji yanamwagwa nje. Kanuni ni ile ile.

Maji yanamwagwa juu, pembeni, chini. Tunasubiri. Mlango unafunguliwa. Ainembabazi anatoka akiwa mweupe nyusi na pua. Mzee Egbert anasogea, anainama, anatazama.

Majivu ni makavu. Pande zote, meupe pe.

Hakuna anayemtazama Twizeyimana, na hilo ni baya kuliko kumtazama. Anafunga bomba la maji taratibu, anaukunja mpira kana kwamba ni wake na ndiyo siku ya mwisho kuutumia. Mwenyekiti anajikohoza. Inaonekana ana maneno aliyoyaandaa tangu nyumbani, na kwamba hayapendi.

"Mama Mugisha," anamwambia fundi kwa jina la mwanawe wa kwanza, "umejitahidi. Tumeona sote."

Ainembabazi bado anatafuta. Amechuchumaa nyuma ya gari, kidole chake kinapita kwenye mwanya kati ya mlango na bodi. Kisha anainuka na kuuliza swali ambalo mwanzoni lilionekana la kupoteza muda.

"Twize, siku ile Rugu ulipaki wapi?"

"Pale wanapopimia kahawa."

"Pale kuna mteremko."

"Ndiyo, mama. Ni kilima kile. Pua ilikuwa imeangalia juu."

"Basi tumepima gari lililokaa sawa," anasema. "Halikuvuja likiwa tambarare. Tata alikuwa anainamisha obwato, kwa sababu watu wakikamua wanaulalia upande mmoja, na ufa unafunguka hapo. Alinichapa siku niliyopima ukiwa umekaa sawa. Mwenyekiti, nipe dakika zangu nyingine."

Gari linarudishwa nyuma hadi kwenye mwinuko ulio kando ya gereji, pua juu, matako chini. Majivu mapya yanapakwa. Fundi anaingia tena, safari hii amelala karibu kichwa chini, na Lameck, yule yule aliyenyang'anywa kahawa, anamsaidia Twizeyimana kuvuta mpira wa maji.

Hawajamwaga hata nusu ya mara ya kwanza.

"Ee," inasikika kutoka ndani. Kisha kicheko, kicheko kirefu cha mtu aliyejikunja mahali padogo. "Fungueni mje muone."

Kwenye kona ya kulia, chini ya taa ya nyuma, majivu yamekuwa meusi. Mstari mweusi unateremka hadi pale pale magunia ya sampuli yalipokuwa yanawekwa, na unaendelea kurefuka mbele ya macho yetu. Mzee Egbert anauwekea kidole, anakitazama, anakitazama tena. Halafu anafanya jambo ambalo wengi wenye vyeo hulikwepa. Anamgeukia dereva wake mbele ya watu.

"Mwanangu, nisamehe," anasema. "Ulifunga buti."

Twizeyimana anaitikia kwa kichwa. Kisha anageuka kuosha matope kwenye tairi ambalo tayari lilikuwa safi.

Baada ya taa kufunguliwa, kisa kikaonekana chote. Gundi nyeusi ya kuzuia maji imepita vizuri kwenye kiungo, mstari mnono na ulionyooka, lakini kabla ya kona imekatika. Upande wa kushoto imefika hadi mwisho. Kulia imeishia njiani.

"Huyu alikuwa anajua kazi," anasema Ainembabazi, na hasemi kwa kejeli. "Angalia mkono wake. Amefika hapa, labda akaitwa, labda zamu ikaisha. Sasa mtalitukana bara zima kwa ajili ya gundi ya urefu wa kidole?"

Kwa kuwa Mchina naye yupo, anapimwa kwa haki ile ile, tambarare na mlimani. Majivu yanabaki makavu. Mianya ya milango yake imelingana kiasi kwamba kidole cha fundi kinateleza kutoka mbele hadi nyuma bila kuzama popote. Lameck anasimama wima kama anayepigwa picha.

Lakini fundi hatoi sifa za bure. Anaingia chini ya gari lile, anatoka na kipande cha plastiki kilichokuwa kinaning'inia. Kifuniko cha chini kimefungwa kwa vibanio dhaifu, na barabara ya Nkwenda imevivunja karibu vyote. Vya Mzungu ni imara, havijaguswa.

"Kila kiwanda kina mahali kilipojali na mahali kilipojisahau," anasema. "Kibati cha mlangoni kinakuambia limetoka wapi. Hakikuambii nani aliamka vibaya siku hiyo. Ukitaka kujua, lifungue."

Siku hiyo hiyo aliifunga kona ile kwa gundi mpya, na vifuniko vya Mchina akavipigia skrubu. Kabla ya kurudisha taa, alichukua msumari na kuchora alama ndogo juu ya bati, mahali ambapo hakuna atakayeiona mpaka taa ifunguliwe tena. Ni mistari miwili inayokutana. Ndiyo alama ambayo Mzee Projest alikuwa anaichonga chini ya kila obwato aliokubali kwamba hauvuji.

"Sijawahi kuiweka kwenye gari lolote," anasema, na hapo sauti yake inabadilika. "Nilikuwa naona sijafikia. Leo nimeona nimefikia. Tata angekuwepo angejifanya hajaona, halafu angekwenda kuwatangazia watu wote wa Rugu."

Juma lililofuata mvua ilinyesha Karagwe yote, ile ya kunyamazisha mazungumzo chini ya bati. Magari yote mawili yalikwenda kuleta kahawa, Lameck akiwa amerudishiwa magunia yake. Sampuli zilifika kavu. Chama sasa kimempa Ainembabazi kazi ya kupima kila gari lake kabla halijaingia barabarani, na amekwisha kumchukua binti mmoja, Joanitha, amfundishe kunyoosha bodi. Mpango wake ni kupanua banda, ajenge mwinuko wa zege wa kupimia magari yakiwa yameinama. Na ana ndoto kubwa zaidi, ambayo haionei haya.

"Haya magari yanafika hapa yameshafungwa. Siku moja yaje vipandevipande, tuyafunge sisi. Kibati kiandikwe Karagwe. Na likivuja, waje kunitukana mimi, niko hapa hapa."

Kibati cha Karagwe bado, lakini watu hawakusubiri. Sokoni Kayanga, Twizeyimana anaposhusha vioo, bibi mmoja muuza maharage analinyooshea kidole lile gari jeupe.

"Shikamoo, bibi," anasalimia dereva.

"Marahaba, mjukuu. Hili ndilo lile la kuitwa Mzungu?"

"Zamani, bibi. Tangu Mama Mugisha aifunge ile kona, wanaliita Mnyambo."

Bibi analizunguka gari, analigonga mara moja kwa kiganja kama anayepima tikiti, kisha anamtazama kijana aliyeshika usukani.

"Sawa," anasema. "Sasa Wanyambo mmekuwa wawili."