Namba Niliyomwandikia Baba Mkwe

Habari hii mke wangu Nyabweke hapendi niisimulie, maana aibu yenyewe sikuibeba peke yangu, niliigawa mpaka kwa wakwe, tena mchana kweupe. Lakini waliokuwepo siku ile wamebaki wachache, na mimi nimeshachoka kujionea haya, basi wacha niseme.

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa nilikuwaga karani wa mapokezi katika hospitali moja pale Musoma. Karani jina tu, jamani. Shule niliishia darasa la pili, mengine nikaokotea kwenye kisomo cha watu wazima kule Buhare, nimekaa na akina mama wenye watoto mgongoni (mmoja alikuwaga ananinong'oneza majibu, Mungu ambariki popote alipo). Kazi yangu ilikuwa hivi: daktari akishampima mgonjwa anaandika ugonjwa kwenye kadi, kadi inaletwa mezani kwangu, natazama orodha iliyobandikwa ukutani, natafuta namba ya ugonjwa huo, naiandika kwenye kadi na kwenye kitabu kikubwa cha serikali. Minyoo ilikuwa kumi na moja. Ngiri ilikuwa na namba mbili. Ishirini na tatu ni ile ngiri ukiisukuma inarudi ndani, huyo anaambiwa aje siku nyingine. Ishirini na nne ni ngiri iliyokwama, utumbo umenaswa, haurudi wala haupitishi kitu, na huyo hapewi hata maji, anakimbizwa chumba cha upasuaji kabla utumbo haujaoza.

Walisema namba zinamsitiri mgonjwa. Wapi! Nesi alikuwa anatoa dawa kwa kufuata namba tu, na anaziita kwa sauti koridoni, na mtu akikaa benchi tangu asubuhi atajifunza nini kingine? Ikiitwa ishirini na tatu, benchi zima linageuka kumwangalia mwanaume wa watu kuanzia kiunoni kushuka.

Sasa siku hiyo inaletwa kadi, nasoma jina: Magesa. Nainua macho, ni yeye, baba mkwe wangu kutoka upande wa Butiama, amejifunga shuka, amejikunja kama ndoano, jasho linamtoka, na mama mkwe amemshika mkono. Nikajificha nyuma ya kitabu. Kwetu baba mkwe ukimwona njiani unaingia kwenye majani apite, na mwili wake huutaji hata ukiwa umelewa. Na daktari ameandika nini? Ngiri iliyokwama. (Maneno yale ya Kizungu nilikuwa nayajua kwa umbo, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake kwenye zizi la jirani.)

Mkono ukakataa. Nikajiambia, nitamwandikia kumi na moja, watu wasikie minyoo, halafu mimi mwenyewe nitakwenda kumnong'oneza daktari wa upasuaji ukweli, amchukue kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Nikaandika, kadi nikaisukuma kwa nesi, nikajiona nina akili kuliko serikali nzima.

Kwenye mlango wa upasuaji nikagonga. Sauti ikajibu kutoka ndani, "Subiri, tunashona mtu!" Nikasubiri. Nikagonga tena, wakanifokea. Kurudi koridoni nikakuta Sista Perpetua, nesi wetu, ameshaita kumi na moja, na baba mkwe ameshika kikombe cha mafuta ya mbarika, dawa ya kuharisha, kimejaa mpaka juu.

"Kunywa, mzee wangu," mama mkwe anambembeleza. "Nesi amesema ni minyoo tu."

"Minyoo gani ya kumtapisha mtu tangu jana?" Lakini kikombe anakipeleka mdomoni.

Hata mimi wa darasa la pili nilijua kwamba kumharisha mtu aliyezibika utumbo ni kumzika. Ukwe nikausahau pale pale. "Baba! Usinywe!" Nikatimua mbio, na sakafu ilikuwa imepigwa deki muda ule ule, nikateleza, mkono mmoja ukapiga kikombe kikaruka, mafuta yakamwagikia kitenge cha mama mkwe, na mkono wa pili ukatafuta kitu cha kushika nisianguke. Ukashika shuka. Tukaenda chini mimi na shuka. Baba mkwe akabaki amesimama.

Mama mkwe alipiga yowe akafunika uso. Na kwenye benchi mwanamke mmoja wa Bukima, kapu lake la samaki wakavu aina ya furu miguuni, akasema kwa sauti ya sokoni, "Hee! Hiyo nayo ni kumi na moja? Hiyo ni ishirini na nne kabisa!"

Sista Perpetua akainama, akagusa uvimbe wa kinenani mara moja tu. "Machela! Haraka!"

Wakati anapitishwa juu yangu, baba mkwe aliuma meno akasema, "Nyabweke alikosa wanaume wote duniani, akamwona huyu."

Nilikaa nje nimegeukia ukuta mpaka walipotoka kusema utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi, lakini haujafa, na mzee ataishi. Nililia, sisemi uongo.

Siku ya kuruhusiwa alikuja mezani kwangu taratibu, ameshika tumbo. Nikatazama chini.

"Mkwe, ile namba uliyoniandikia ilikuwa ya nini?"

"Ya minyoo, baba. Nilikuwa nakusitiri."

"Minyoo!" Benchi zima likageuka. "Mimi Magesa, na ng'ombe wangu wote wale, unaniandika minyoo kama mtoto anayekula udongo? Fungua kitabu."

Nikafungua. Nikafuta kumi na moja, nikaandika ishirini na nne.

"Kubwa zaidi. Haya, soma."

"Magesa. Ishirini na nne. Ngiri iliyokwama."

"Kwa sauti, nimesema! Wa mwisho hajasikia."

Nikasoma tena mpaka wa mwisho akasikia, ndipo akacheka, akajishika mshono kwa maumivu, akanipa mkono wake mbele ya wote, kitu ambacho baba mkwe hakifanyi.

Tangu siku ile nilimwandikia kila mtu ugonjwa wake. Hata mama mkwe alipokuja mwaka uliofuata nilimwandikia wake, mkono haukukataa. Namba yake siwaambii.