Silabi Moja Iliyopotea Hewani

Saa moja asubuhi, mwanamke mwenye simu mbili, moja kila sikio, anasimama kwenye korido ya wodi mpya ya watoto inayonuka rangi. Wauguzi wamejipanga ukutani, kila mmoja na simu ya hospitali mkononi.

"Pigeni wote kwa pamoja," anasema. "Ongeeni chochote, ila msinyamaze."

Korido inachachamaa. Mmoja anahesabu, mwingine anamsema mumewe. Mwanamke amefumba macho, jasho linamtoka.

Wenzake humwita Fundi Hewa, kwa utani kwamba anatengeneza kisichoonekana. Kazi yake ni kupanga simu ngapi zipite kwa wakati mmoja. Simu hizi hazina waya wala laini; sauti husafiri kwa waifai, kupitia visahani vyeupe vilivyobandikwa darini. Kisahani kikizidiwa, hakimuumizi aliyechelewa peke yake. Kinazikatakata sauti za wote.

Mwaka jana majeruhi wa moto wa kiwandani waliletwa kwa mkupuo, na kila mtu akakimbilia simu. Daktari akampigia muuguzi wa zamu: "Msimpe sindano ile!"

Kilichofika ni: "M…mpe sindano ile."

"Nilikuwa nimeshaishika," anasimulia muuguzi huyo. "Sijui nini kilinisukuma niulize tena. Nikaiweka chini, nikakimbia hadi kwa daktari. Kuniona tu akapiga kelele, 'Hujampa, sivyo?'"

Mgonjwa alipona. Fundi Hewa aliposimuliwa, alikwenda kuhesabu simu zilizopitia kisahani kile saa ile.

"Silabi moja tu, ndugu mwandishi," ananiambia. "Imeliwa na mtandao nilioupanga mimi."

Tangu hapo kila kisahani kina kikomo: simu saba, mbili kati ya hizo zikitengewa dharura. Anayezidi huambiwa asubiri. Lakini kikomo nacho kimemzalia hofu nyingine.

"Nikizidisha, sauti zinavunjika. Nikipunguza, nimemfungia mtu mlango. Najiuliza, yule niliyemfungia alikuwa anataka kusema nini?"

Mumewe anasema simu ya jirani ikilia tu, mkewe anaruka kitandani. "Namwambia, mama watoto, hiyo si ya kazini kwenu. Anakaa tu, amekumbatia magoti."

Koridoni, sauti zote zinasikika safi. Simu ya dharura nayo imepita. Anamwomba muuguzi mmoja ashuke ngazi huku akiendelea kuongea.

Kwenye kona ya ngazi, sauti inayumba. Kisha kimya.

"Haloo? Haloo!" anaita Fundi Hewa.

Uso unamsawajika. Kisahani cha ghorofa ya chini kimejaa simu za huko, kimekataa kumpokea muuguzi.

"Watoto wanaletwa kesho," mkuu wa kitengo anamkumbusha taratibu. "Vitanda vimeshatandikwa."

"Basi mimi sisaini wodi ifunguliwe, mzee. Muuguzi akishuka na mtoto mikononi, simu ikamfia hapo, nitaficha wapi uso?"

Mkuu anazitazama ngazi. Kisha anatoka kwenda kuwaambia wakubwa kwamba wodi haitafunguliwa kesho.

Fundi Hewa ameshapanda ngazi ya mbao, anapima darini mahali pa kisahani kingine. Anataka pia kutenga nafasi kwa anayeingia eneo la kisahani huku akiwa tayari anaongea. Yakikamilika, atawaomba madaktari na wauguzi jambo dogo: anayepokea agizo kwa simu alirudie lote kwa sauti kabla hajagusa mgonjwa.

"Hapo labda nitalala," anasema, akitia alama darini. "Si usingizi wa kukoroma. Nikipata wa kufumba macho tu, nitashukuru."