Mgeni wangu alikata masale apambe meza, akamwombea baba msamaha bila kujua

Wakuu, kwema huko? Hili limetokea nyumbani kwetu Old Moshi na sijatia chumvi, ingawa kuna mahali mtadhani nimetia.

Nina chumba nyumbani nakaribisha watalii. Akaja mama mmoja Mholanzi, Anneke, mchoraji.

Mama yangu akaandaa sebule kwa heshima zote. Vitambaa vya kufuma kila kochi, na mezani maua ya plastiki, yale mekundu yasiyonyauka milele.

Anneke akayatazama kama mtu aliyeona ajali. Kesho yake akaniuliza kama anaweza kukata yale majani marefu ya kule mpakani, eti "so elegant".

Nikamwambia kata tu, yapo mengi. Nilijua ni ya mezani.

Kwa wasio Wachagga: hayo ni masale. Tunayapanda mipakani, na ukimkosea mtu unampelekea jani la isale kuomba msamaha. Akiletewa, hawezi kukataa. Kuyaweka kwenye vase ni mambo ya Anneke.

Sasa, baba na jirani yetu mzee Elia walikuwa hawasalimiani mwaka wa tisa, kisa mpaka huohuo. Kanisani mmoja anakaa kulia, mwingine kushoto. Baba alishaapa: Elia asipokuja na isale, hata akifa hakanyagi msibani kwake.

Na huyu baba akiapa ameapa. Mimi namjua.

Anneke alikuwa ameenda kwa mzee Elia kuchora migomba yake. Siku ya kuondoka akataka kumshukuru. Akafunga masale na utepe, bouquet kabisa, akavuka mpaka akampa.

Saa kumi jioni mzee Elia huyo uani kwetu, na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, macho yamemwiva. Akamshika baba mkono, akamwita mbe, neno letu la heshima kwa mwanamume.

"Nimepokea, mbe. Umemtuma mgeni, najua aibu ilikushika. Nimekusamehe. Na wewe unisamehe."

Baba akanigeukia. Nikatazama chini.

Mtu kajiona amekosewa miaka tisa, leo anasamehewa yeye! Nilimwona anatafuta neno la kukana. Halafu akautazama ule mkono wa mzee Elia uliomshika. Ulikuwa umezeeka.

"Vuta kiti, Elia," akasema.

Wakanywa mpaka ndoo ikaisha. Anneke akawapiga picha, akaniambia amefurahi kuona wazee wa Kiafrika wanavyothamini maua. Sikumsahihisha.

Nilichojifunza kinaniuma, wakuu. Nilikuwa namcheka Mzungu wa watu kwamba hajui isale ni nini. Mimi ninayejua nimepita pale mpakani kila siku miaka yote tisa, na sikuwahi kukata hata jani moja.

Nyie wenye wazee wasiosalimiana nyumbani, mnasubiri mgeni gani? Semeni hapa chini, nasoma zote.