Nilivyompandisha Baba Mkwe Juu ya Bati kwa Sababu ya Katuni

Jamani, mkitaka kucheka chekeni mapema tumalizane, maana hata mimi nikiwa peke yangu dukani nikiikumbuka siku ile najikuta nimejifunika uso kwa viganja kama vile bado wananitazama.

Ilikuwa Jumapili, posa yangu imekubaliwa juzijuzi tu, nikaitwa chakula cha mchana ukweni, Chanji, kwa akina Sabina. Nikavaa suruali iliyonyooka na sweta jipya (baridi la Sumbawanga mnalijua, halijui mkwe wala mgeni), njia nzima najiapiza: leo nakula kidogo, nacheka kidogo, naongea kidogo. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Tumemaliza kula, baba mkwe katoka kukaa barazani na wageni wake, sebuleni tumebaki mimi, Sabina, mama mkwe, bibi mzaa baba, na Flora, mdogo wake Sabina, yuko darasa la sita. Flora akachomeka flashi kwenye TV. Katuni, akasema, ya kuangalia familia nzima, ila ni Kiingereza kitupu, bibi hataambulia kitu. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Mimi nikajikohoza: “Msijali, natafsiri.” (Niliwahi kuwatafsiria washikaji sinema za mapigano kwenye kibanda umiza kule Mazwi, na mapigano hayana Kiingereza kingi, ni “nakuua” na “huniui”.)

Mwanzo nilitamba, nabadilisha sauti, kondoo wa kwenye katuni nikawapa sauti yao, bibi anacheka, Sabina ananiangalia kwa jicho la kujivunia. Kumbe ile katuni ni ya watoto kubalehe! Nimekuja kushtuka msichana ameamka na chunusi, mama yake anamkalisha kitandani amweleze habari za mwili kubadilika, na mimi nimekaa nimetazamana na mama mkwe, mtu ambaye hata kumuomba chumvi nilikuwa naona aibu. Nikasema liwalo na liwe, nikaanza kutunga.

Chunusi nikasema kaumwa na mbu. Miguu imerefuka mpaka inatokeza nje ya kitanda, nikasema kitanda kimesinyaa kwa baridi. Binamu yake sauti inakwaruza kama jogoo anayejifunza kuwika, nikasema kapaliwa na ugali. Halafu yule msichana akaona doa jekundu kwenye shuka, akapiga kelele, mama yake akaja mbio.

“Kamwaga juisi,” nikasema, jasho linanitiririka ndani ya sweta.

Bibi akaisogelea TV. “Juisi? Ingekuwa juisi si angechapwa? Mbona mama yake anamkumbatia?” Akanigeukia, akapaza sauti kama yuko shambani: “We mkwe, huyo mtoto kavunja ungo!” Akaongeza na maneno ya Kifipa ambayo mimi, Msukuma wa kuhamia, sikuyaelewa, na Sabina amekataa kunieleza mpaka leo.

“Nani kavunja ungo?” Sauti ya baba mkwe, kutoka barazani.

Sasa elewa, juu ya bati la nyumba ile kuna ungo wa king’amuzi, jioni kulikuwa na mechi, na wale wageni wote walikuwa wanaisubiri. Mimi nianze kumfafanulia mzee ni ungo upi? Nikajibu, “Umevunjika kidogo tu, baba.”

Kidogo tu! Nasikia ngazi inaburutwa. Sabina kanifinya: “Mwambie!” “Mwambie wewe,” nikamjibu, na kufika nje mzee yuko juu ya bati, upepo unampeperusha koti, wageni wamesimama chini wameinua vichwa, majirani nao wanachungulia.

“Mbona mzima?” akauliza.

“Baba, shuka! Siyo ungo huo!”

“Upi sasa?”

“Ule... ule wa msichana!”

Mama mmoja jirani akatua ndoo yake, akamwona Flora mlangoni, akapiga kigelegele kirefu: “Hongera Flora, mwanangu, umekua!”

“Siyo mimi!” Flora akakimbilia ndani.

“Ni wa kwenye TV!” nikapiga kelele, na hapo hakuna aliyeelewa chochote.

Mzee akashuka taratibu, bibi akamsimulia mwanzo mwisho mbele ya wote. Baba mkwe akanitazama. “Sabina alisema unajua Kiingereza.”

“Najua kidogo, baba.”

“Basi shida yako ni Kiswahili.”

Walicheka, wale wageni, mpaka mmoja akashikilia ngazi asianguke. Hilo ningelimeza. Lililonichoma ni Flora, nilimkuta jikoni macho mekundu, nikamwambia, “Shemeji, nisamehe.” Akajibu bila kunitazama, “Niliileta makusudi tuangalie na mama. Kumuuliza mwenyewe naona aibu.”

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, kasikia yote. Akamshika Flora mkono, akamwita na Sabina na bibi, wakaingia sebuleni, mlango ukafungwa, katuni ikaanzishwa upya. Sisi tulisikia vicheko tu. Mechi ikaanza, mlango haujafunguliwa, hakuna mwanamume aliyethubutu kugonga, ikabidi wageni wakaangalie kwa jirani, na kila aliyepita alinitupia jicho.

Tangu siku ile nimeapa: ukweni sitafsiri kitu, hata nikisikia hodi nasubiri wenyewe waijibu. Na jambo lenye jina lake naliita kwa jina lake, la sivyo nanyamaza.

Ila juzi sokoni kanisimamisha baba mmoja wa mtaa ule, nadhani siku ile alifika mwishoni akaona ngazi na ungo tu, akaniambia, “Fundi, ungo wangu nao hauleti picha, utapita lini?”

Nikajisikia mwenyewe namjibu, “Kesho.”