Sauti ya Pili

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akilalamika kwamba amepangwa sauti ya pili. Nilicheka, kisha ikanijia harufu ya samadi mbichi iliyosiribwa kwenye sakafu ya darasa letu kule Songwa.

Mwalimu wa kuimba alikuja kila Alhamisi kwa baiskeli. Alasiri moja alituita mmoja mmoja tuimbe mstari mmoja. Rafiki yangu Holo aliambiwa, "Sauti ya kwanza." Mimi, niliyekuwa nikiongoza darasa kwa hesabu, nikaambiwa, "Kabula, sauti ya pili."

Nilidhani ni matokeo ya mtihani. Wenzangu walipoanza kuimba, nilifumba mdomo huku machozi yakinilenga.

"Mbona huimbi?" mwalimu aliuliza.

"Nisamehe, mwalimu. Wiki ijayo nitajitahidi niwe wa kwanza."

Darasa zima liliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinifundisha sauti yangu polepole mpaka nikaishika, kisha akamwambia Holo aimbe pamoja nami. Sauti zetu zilipokutana mwili ulinisisimka, na Holo akageuka kunitazama bila kuacha kuimba.

"Umesikia?" mwalimu alisema. "Sauti hii nimempa mtu asiyeyumbishwa na wenzake."

Nilikimbia nyumbani nikamwimbia mama, aliyekuwa akitwanga mtama. Aliuweka mchi chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mbona wimbo wenyewe haueleweki?"

"Unaimbwa na wawili, mayu," nilimjibu, nikatoka mbio kwenda kumwita Holo.