Batri Ndani ya Gunia la Maharagwe

Sikutoka Bihambwe kwa kupenda safari. Binti yangu Furaha, anayesoma Kisangani, alikuja likizo akaacha kompyuta yake ikichaji kwa jirani mwenye sola, na pikipiki ya kurudi haikumngoja. Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa humo tu, na Jumatatu alitakiwa kuitetea mbele ya walimu. Bila kompyuta, mwaka wake ungekwenda na maji.

Jumatano asubuhi nilipanda pikipiki kwenda Walikale, kuitafuta ndege ya Kisangani. Kwetu kitu cha thamani hakibebwi mkononi. Niliizungushia kompyuta kitenge, nikaizika katikati ya gunia la maharagwe, mke wangu akalishona mdomo. Kila kizuizi cha wenye bunduki barabarani kiliuliza swali lilelile.

"Papa, iko nini umu?"

"Njo maharaki tu."

Nilisema hivyo mpaka ulimi ukazoea.

Alhamisi jioni nilifika Walikale, mgongo umekufa, matope hadi masikioni. Mama Kahindo, mfanyabiashara wa Butembo aliyengoja ndege ileile, alinipa mkeka kwenye chumba alichopanga. Nililala nimeegemea gunia.

"Ile gunia njo bibi yako?" alinitania. Sikuwa na nguvu ya kucheka.

Ijumaa tulikwenda kupanda ndege karibu na Mpofi. Huko ndege hutua juu ya barabara ya lami, mbuzi wakishafukuzwa. Dada wa mizani, aliyepima mizigo ya abiria, aliuliza, "Papa, kuko kitu ya batri mu muzigo? Telefone, ordinateri?"

"Hakuna. Njo maharaki tu."

Gunia likapelekwa nyuma ya ndege. Ndipo akatugeukia sote: "Kitu yote ya batri inabakia na mwenyewe, mu mukono. Ikiwaka moto pale nyuma, nani ataiona? Tutaungua sisi wote."

 Nikisema, wataniacha, na ndege nyingine hakuna kabla ya Jumatatu. Nikinyamaza, labda nitawaua watu, na mimi mwenyewe. Niliwatazama abiria kumi waliochoka kama mimi. Nikaona haya.

"Dada, nilidanganya. Ordinateri ya mutoto yangu iko mu maharaki."

Aliagiza gunia lishushwe. "Toa."

Nilikata uzi, maharagwe yakamwagika juu ya lami. Nikiwa nimepiga magoti, nilisikia uzi mwingine ukikatwa. Mama Kahindo alikuwa ameingiza mkono ndani ya unga wa mihogo, akatoa simu mbili. Papa mmoja alipasua godoro lake. Wote tulikuwa tumetoka kwenye barabara ileile.

"Batu ya Walikale!" dada wa mizani aliguna, lakini alitungoja.

Nilisafiri nimeikumbatia kompyuta. Jumamosi Furaha aliifungua, haragwe moja likadondoka, akacheka huku analia. Jumatatu alifaulu.

Alhamisi nilikuwa tena Mpofi, nikishika njia ya nyumbani. Gunia lilikuwa tupu, na Furaha alikuwa amenipa nakala ya kazi yake, imejalidiwa vizuri. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Barabara yetu ilitusahaulisha. Ningeweza kuificha nakala ile ndani ya gunia. Nilikataa. Niliishika mkononi siku mbili, mvua ikinyesha niliifunika kwa koti langu, na kwenye kila kizuizi waliuliza lilelile.

"Papa, unabeba nini?"

"Kazi ya mutoto yangu," nilijibu, nikaiinua waione.