Daftari la Sukari la Baba

Vita vya Kagera vilipoanza, baba yangu, mzee Alinanuswe, alikuwa ameshapita umri wa kubeba bunduki, kwa hiyo wakampa daftari. Alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Msasani, Tukuyu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika nani katoa mkungu wa ndizi na nani katoa jogoo kwa ajili ya askari waliokwenda mpakani. Aliandika taratibu, ulimi nje. Vita vikaisha, jogoo wetu hatukumwona tena, daftari likabaki.

Lilibaki kwa sababu baada ya vita ndipo vitu vilipoadimika kabisa. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, hata kitambaa cha sanda, vilikuja duka la ushirika kwa msimu kama kumbikumbi, na hakuna aliyepewa kabla Baba hajasoma jina lake. Nusu kilo kila kaya. Jina letu aliliweka la mwisho kwa makusudi, asije akaambiwa anajipendelea. Matokeo yake sukari iliishia kwa jirani wa tisa, na Mama alifua kwa majivu ya maganda ya ndizi huku akimwita Baba majina ambayo daftarini hayakuwamo. Mimi Tulinagwe, mtoto wao wa kwanza, nilikunywa uji wa chumvi miaka mitano, na nilimkasirikia kwelikweli. Lakini hata waliomchukia hawakuwahi kusema kwamba aliiba punje moja.

Mwaka wa themanini na tatu ikaja operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Jirani yetu Jumaa, fundi cherehani, alikuwa ameficha uvunguni mifuko ya sabuni ya unga ya magendo, na kwa hofu akaenda kuimwaga yote mtoni asubuhi moja. Mto ukatoa povu mpaka kule chini kwa wafuaji, na siku hiyo nguo za Msasani zilitakata kuliko siku ya Idi na Krismasi zikijumlishwa. Baba alisimama darajani, akalitazama lile povu, akasema mvua za mwaka huu ni za ajabu, akaenda zake. Jumaa hakuguswa na mtu.

Basi Jumaa akafariki kwa maradhi yake, ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, na mjane wake Hadijah, tuliyemwita Mama Naima, akauza cherehani ya marehemu. Akakata leseni, akafungua duka dogo kando ya barabara, akaweka magunia mawili ya sukari palepale mlangoni ili kila mpita njia ayaone. Kila alichokuwa nacho kilikuwa ndani ya magunia yale. Na ilikuwa masika, masika ya Tukuyu, ambapo hata kiberiti hulowa mfukoni.

Asubuhi ya kwanza Baba alivaa koti lake, akachukua kigoda na daftari, akaenda kuketi mlangoni pa Mama Naima kumsaidia kuweka utaratibu. Hakuna aliyemwita. Asubuhi ya pili akaenda tena. Watu wa vijiji vya Nkunga na Masoko waliokuja kuuza ndizi walifika, wakamkuta balozi kashika kalamu mbele ya sukari iliyowekwa wazi, wakajua huo ni mtego, majina yanachukuliwa. Walisalimia vizuri, wakauliza habari za watoto, wakashika njia. Baba akawa ananiambia jioni kwamba watu wa siku hizi hawapendi tena sukari.

Wiki ya tatu magunia yalianza kutoka jasho chini, na nyuki wakajua. Mama Naima aliniomba niseme na Baba. Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu lile daftari halijawahi kushindwa na mtu. Kwa hiyo akapika chai, akaitia sukari mpaka kijiko kikasimama, akampelekea mwenyewe na kuketi mkekani karibu naye. Nilikuwapo.

"Baba Tulinagwe," alisema, "uliliona povu ukanyamaza, na mimi sitasahau. Lakini watu wakikuona hapa na daftari wanaogopa. Sukari yangu inayeyuka."

Baba alikunywa chai yote kwanza. Nilidhani atakasirika, kumbe alikuwa na hofu, na sikuwahi kumwona baba yangu na hofu.

"Kwa hiyo mtu aje tu, achukue anachotaka?"

"Aje tu."

"Na wa mwisho je? Atapata?"

"Akikosa, nitakwenda kuleta nyingine."

Akarudia maneno hayo kwa sauti ndogo, nitakwenda kuleta nyingine, kisha akaniuliza kama nimesikia. Halafu akasimama, akapita mlango wa mbele, akaagiza kilo moja. Mama Naima alipima, akatafuta karatasi ya kufungia, akakosa. Baba akafungua daftari ukurasa wenye jina letu, akauchana yeye mwenyewe. Mama Naima akauviringisha kama pembe na kuujaza sukari.

Baba aliibeba sukari ile kiganjani, wazi, katikati ya barabara, akisimama kumsalimia kila mtu hata wale asiowapenda. Daftari aliliacha kaunta. Kabla ya adhuhuri duka lilijaa, na mpaka Ijumaa magunia yalikuwa matupu na daftari limebaki majalada. Msasani nzima ilibeba sukari kwenda nyumbani ndani ya majina yake yenyewe.

Nyumbani Mama alimimina ile kilo kwenye kopo, akainyoosha karatasi mezani, akalisoma jina letu pale chini mwisho wa orodha.

"Leo umekuwa wa kwanza," alimwambia Baba, na akamtilia vijiko vinne kwenye chai.